Nambari Iliishia Wapi?

Mwaka 2019 Wakenya walianza kuona nambari za simu za mkononi zinazoanza na 01. Zile za 07 zilikuwa zinaelekea kwisha, Mamlaka ya Mawasiliano ikafungua kundi jipya: Safaricom wakapata 0110 na 0111, Airtel wakapata 0100 hadi 0102. Mwenye simu mfukoni hakuhitaji kufanya lolote. Ofisini ilikuwa kazi, kwa sababu kila simu ya mezani iliyoamini kwamba simu ya mkononi ni 07 peke yake ilibidi ifundishwe upya, na mwalimu wake ni fundi.

Fundi huyu hatajwi sana, na anastahili kutajwa. Ofisi nyingi siku hizi hupiga simu kwa itifaki ya SIP, iliyochapishwa kwanza mwaka 1999 na kuandikwa upya 2002. Uzuri wake ni kwamba haimilikiwi na kampuni moja: mtambo wa kuunganisha simu za ofisi unaweza kutoka huku, simu zenyewe zikatoka kule. Shida huzaliwa hapohapo. Simu iliyokuja pamoja na mtambo kwa kawaida huchota mipangilio yake yote kwenye seva pindi inapochomekwa. Simu ya kampuni nyingine huja na mazoea ya kiwandani, na mara nyingi mazoea hayo ni ya Marekani, ambako nambari ya eneo haianzi na 0 wala 1.

Malalamiko humfikia fundi yakiwa mafupi: simu haitoki. Fundi mwenye haraka atazima na kuwasha kila kitu. Aliyeiva anavuta kiti na kumuuliza mhudumu wa mapokezi, “Dada, uliinua mkonga kwanza, au uliandika nambari yote ndipo ukabonyeza kitufe cha kupiga?”

Swali hilo ni nusu ya kazi. Katika simu nyingi za mezani, nambari iliyoandikwa yote kabla ya kupigwa hutumwa kama ilivyo. Mkonga ukiinuliwa kwanza, simu yenyewe ndiyo inayohesabu tarakimu na kuamua nambari imetimia lini. Dada akijibu kwamba akiandika kwanza inapita, na akiinua mkonga inakatika kwenye tarakimu ya tatu, basi mtambo ni mzima na kampuni ya simu haina kosa. Ugonjwa umo ndani ya simu iliyo mezani pake.

Humo kuna mstari mmoja wa kanuni za upigaji. Tuseme unasomeka xxx|07xxxxxxxx, ambapo x ni tarakimu yoyote. Sehemu ya kwanza ni nambari za ndani za ofisi, ya pili ni simu za mkononi. Mtu akibonyeza 071, simu inaona kwamba huenda ni nambari ya ndani, lakini huenda pia ni mwanzo wa nambari ndefu, basi inasubiri. Akibonyeza 011, haioni nambari ndefu yoyote inayoanza hivyo. Inaituma 011 papo hapo, huku kidole cha mpigaji kikielekea tarakimu ya nne. Mtambo unatafuta nambari ya ndani 011, hauipati, unajibu 404. Simu imetii kanuni yake kikamilifu, na ndiyo maana kuibadilisha kwa simu nyingine ya aina ileile hakusaidii kitu.

Hata akishajua hivyo, fundi hakubali dhana yake bila ushahidi. Anafungua Wireshark, programu iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ananasa mawasiliano na kusoma. Ujumbe wa SIP ni maandishi ya kawaida: mstari wa kwanza una neno INVITE na nambari iliyoitwa, na hapo 011 inaonekana wazi, ikiwa peke yake. Mwanafunzi akiona jibu la 401 hushtuka akidhani amepata kosa. Fundi analipita, kwani huo ni mtambo unaiuliza simu ijitambulishe, na simu hurudia ombi lake ikiwa na uthibitisho.

Kusoma huko ndiko kunakotenganisha magonjwa yanayofanana. Nambari iliyohifadhiwa kama +254 inaweza kutoka kwenye simu ikiwa kamili, ikakwama kwenye mtambo usio na njia ya alama ya jumlisha. Mara nyingine simu inatoka vizuri, lakini benki ikisema bonyeza 1, kubonyeza hakufui dafu. Tangu 1963 kila kitufe ni sauti mbili kwa pamoja. Tano ni 770 na 1336 hezi. Mfumo wa G.729 huibana sauti kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8, nao umetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, kwa hiyo huweza kuivuruga milio hiyo. Ndiyo sababu vitufe hutumwa kwa pakiti zake maalumu, na pande zote mbili sharti ziafikiane juu ya njia hiyo.

Dawa ya 011 ni fupi: 0[17]xxxxxxxx kwa simu za mkononi, na [2-8]xx kwa za ndani ili 0 isidhaniwe tena kuwa ya ofisini. Hapa ndipo uangalifu unapodhihirika zaidi, kwa kuwa kanuni hiyo nadhifu imewaacha nje polisi. 999 haimo, 112 haimo. Fundi anaziongeza kwa majina yake, kisha anajaribu nambari moja ya 07, moja ya 01, moja ya mezani ya 020 na moja ya ndani, mara kwa mkonga, mara kwa kuandika kwanza. Ile ya 020 inakataa. Anarudi kwenye kanuni, anaifanya [17] kuwa [127], anaanza majaribio upya. Zote zikipita, anaandika kwenye daftari la ofisi kanuni ya zamani, kanuni mpya, tarehe na sababu, kisha anahamia dawati linalofuata lenye simu ya aina ileile.