Yah: Mstari wa Juu

Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuna duka dogo la steshenari ninakopenda kukaa nikisubiri kopi zangu. Mwenye duka ni mama wa makamo anayewachapia watu barua. Siku moja kijana aliingia akaanza kueleza: bomba limepita mbele ya nyumba yao, mama yake anaumwa, jirani alishaunganishiwa tangu mwaka juzi, na mjumbe anawajua vizuri. Mama alimsikiliza hadi mwisho, vidole vimetulia juu ya kibodi. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, yah nini?"

Kijana kimya. Mama akachapa kwa herufi kubwa, akakoleza, akapiga mstari chini: YAH: OMBI LA KUUNGANISHIWA MAJI. Mgonjwa, jirani na mjumbe wakateremshwa chini, kila mmoja na aya yake. Kijana alipousoma akacheka. "Basi ndiyo hiyohiyo!"

Yah ni kifupi cha "yahusu", na kwao ni masijala. Barua ikifika ofisi ya serikali, karani hana wasaa wa kuisoma yote. Hutazama kumbukumbu namba, hutazama Yah, akajua jalada. Yah ikikosewa, barua inaweza kulala katika jalada lisilo lake mpaka karatasi igeuke rangi. Ndiyo maana makarani wa zamani walikuwa wakali juu ya maneno hayo manne au matano: ombi, taarifa au malalamiko kwanza, kisha jambo lenyewe, basi. Chini yake hufuata sentensi ambayo kila aliyesoma Tanzania anaijua, "Husika na kichwa cha habari hapo juu," ambayo kwangu ni sawa na kupiga hodi ukiwa umeshaketi sebuleni. Mstari wenyewe, lakini, siuchezei.

Pwani yetu haikuzoea hivyo. Waraka wa zamani, ule wa herufi za Kiarabu, ulimtaja kwanza anayeandikiwa na sifa zake, ukamwombea afya, na haja ikangoja mpaka lifike neno "wabaadu". Kutanguliza haja ilikuwa utovu wa adabu, na hadi leo barua ya nyumbani inasema "ama baada ya salamu". Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akapata kufanya kazi Pangani. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zimechapishwa kuwa kitabu. Nikimfikiria namwona na kalamu mbili: ya mchana inayotanguliza haja, na ya usiku inayotanguliza salamu.

Barua pepe ilikuja na mstari wake tayari. Wahandisi wa mtandao wa ARPANET walipoandika kanuni za vichwa vya ujumbe mwaka 1973, mada ilikuwamo. Ile "Re:" ya majibu asili yake ni Kilatini, na maana yake ni Yah yetu hii hii. Kwa hiyo ukijibiwa na ofisi unasoma "Re: Yah: Ombi la Likizo", yaani yahusu yahusu likizo.

Sisi wa enzi za intaneti kafe, tuliolipia nusu saa huku jicho liko kwenye saa ya ukutani, tuliandika "Habari". Wengine "Mambo". Wengine "Ni mimi". Salamu tuliipandisha mahali pa haja, ada ya wabaadu imetufuata mpaka kwenye skrini. Niliwahi kuomba kazi kwa kichwa hicho. Nilipokwenda kufuatilia, karani alinigeuzia kioo cha kompyuta nione: "Habari" kumi na moja zimepangana, na yangu haijafunguliwa. Sikuwa na la kumlaumu.

Zikaja "HARAKA!!!" zisizo na haraka yoyote, na "Fwd: Fwd: Fwd:" za dua ya kutuma kwa watu saba. Gmail ilipoanza mwaka 2004 ikawa inayakusanya majibu chini ya kichwa kimoja, na watu wakaacha kukibadilisha. Ninayo mazungumzo marefu kuhusu gharama za kuchimba kisima chini ya "Re: Kikao cha Jumanne", Jumanne iliyopita miaka mitatu nyuma. Simu nayo ikaukata mstari, yakabaki maneno machache ya mwanzo. Karani wa masijala asingeshangaa. Neno zito kwake lilikuwa la kwanza siku zote.

Halafu WhatsApp, ambako ujumbe hauna mahali pa kichwa kabisa. Mwaka huu niliingizwa kwenye kundi la kamati ya harusi, watu sitini, sauti, picha, vikaragosi. Katibu wetu, binti wa miaka ishirini na kitu, aliweka nyota mwanzo na mwisho ili herufi zikolee: *YAH: KIKAO CHA PILI, JUMAMOSI SAA 10 JIONI, MAKORORA*. Waliochelewa walisingizia daladala. Hakuna aliyesema hakuona.

Basi nawe msomaji, ukiniandikia, salamu zako nitazipokea kwa mikono miwili, ila ziweke chini. Juu niambie yahusu nini.