Jinsi ya Kuipima Filamu ya Pesa

Mtu wa Muleba hahitaji kufundishwa namna pesa inavyomharibia mtu utu. Anaijua butura: mkulima aliyebanwa na ada au matibabu anaiuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anayefaidi ni mnunuzi. Anayeijua butura ana jicho la kutosha kuipima filamu yoyote ya pesa. Kipimo changu ni L'Argent ya mwaka 1983, filamu ya mwisho ya Mfaransa Robert Bresson, iliyotokana na hadithi ya Tolstoy. Ina dakika 85 tu, wala haina pambo.

Fuata pesa, si tajiri. Filamu dhaifu huonyesha jumba, gari na mvinyo, ikadhani imeonyesha pesa. Bresson anaifuata noti bandia ya faranga 500. Vijana wa shule wanaipitisha katika duka la picha. Mwenye duka akigundua, anamsukumia Yvon, mfanyakazi anayeleta mafuta ya kupashia nyumba joto. Kamera inakaa kwenye mikono inayotoa, inayopokea na inayoficha.

Pima ukubwa wa kosa la kwanza. Liwe dogo. Yvon anaangamizwa na uongo wa msaidizi wa duka anayesema hajawahi kumwona. Kazi inapotea, jela inafuata, mtoto anafariki, mke anaondoka. Mwisho Yvon anashika shoka. Kila hatua lazima izae inayofuata. Mtunzi akihitaji jambazi wa kuharakisha mambo, hadithi yake haijaiva.

Sikiliza. Katika L'Argent piano inasikika pale tu mhusika anapoipiga. Kwingine kuna milango, nyayo na magari. Filamu zetu nyingi hukuamuru ulie kwa kinanda kabla mhusika hajafungua mdomo. Iondoe sauti hiyo akilini, kisha uulize kama tukio bado linauma.

Tofautisha ukavu wa ufundi na ukavu wa uzembe. Bresson alitumia watu wasio waigizaji, wanaosema bila kupandisha sauti. Mtazamaji mgeni huona wameshindwa kuigiza, na hata kwenye tamasha la Cannes wapo waliomzomea, ingawa waamuzi walimpa tuzo pamoja na mtengenezaji mwenzake Tarkovsky. Kagua picha moja moja: ikiwa kila picha inakupa jambo jipya, huo ni ufundi. Ikiwa tatu zinasema jambo lile lile, mtengenezaji hakuwa na la kusema.

Angalia anachokificha mtengenezaji. Yvon anapoua hotelini, mauaji hatuyaoni. Tunaona mikono ikinawa na maji yakigeuka rangi. Anayemwaga damu nyingi mbele ya kamera mara nyingi hamwamini mtazamaji wake.

Dai ushahidi. Hapa tuna mfano wa nyumbani, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, ambayo wengi wetu tunaijua kama filamu ya mapanki. Ilipigwa Mwanza, lakini sangara anayezungumzwa ndiye huyo huyo anayevuliwa visiwa vya Muleba, Bumbire na Goziba. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa, yaani mapanki, vinabaki kwa wenyeji: hapo filamu ina nguvu, kwa kuwa inaonyesha. Inapodokeza kwamba ndege hizo huleta silaha, inategemea maneno ya watu kuliko tunachokiona, na hapo inalegea. Rais Kikwete aliilaani mwaka 2006; hasira hiyo isikuzuie kuipima kwa haki, pande zote mbili.

Kwa hukumu yangu, filamu ya Sauper ina jambo kubwa na mkono usiotulia, na ya Bresson ina jambo dogo na mkono usiokosea. Ya pili itadumu zaidi. Basi msanii wa Bukoba atakayeichukua butura asianze na tajiri wala gari lake. Aanze na karatasi ya makubaliano, kidole gumba chenye wino, na ada ya mtoto inayodaiwa kesho.