Cartier-Bresson na penseli yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga picha Henri Cartier-Bresson, mmoja wa waasisi wa shirika la picha la Magnum mwaka 1947, aliiweka kamera kando akashika penseli. Watu walishangaa, ingawa ukichambua kazi yake utaona alikuwa anarudi alikotoka. Kabla ya kushika kamera ya Leica alikuwa amesoma uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyesisitiza jiometri kupita kiasi. Kilichomtoa huko ni picha ya mpiga picha Martin Munkácsi, ile ya vijana watatu wakikimbilia maji, maarufu kwa jina la Ziwa Tanganyika. Aliona mwendo umenaswa, kitu ambacho brashi isingempa.

Itazame picha yake ya Hyères, ya 1932. Kasimama juu ya ngazi. Ngazi zinazunguka kushuka, chuma cha kushikia kinafuata mzunguko uleule, na barabara chini nayo imepinda. Mchoro ulikuwa umekamilika, kilichokosekana ni mtu tu. Ndipo akapita mwendesha baiskeli, kafifia kwa mwendo, akaziba pengo. Wanaosema ni bahati wana haki kuhusu baiskeli; mengine yote ni Lhote.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: lenzi ya milimita 50 karibu muda wote, utepe mweusi juu ya sehemu za kamera zinazong'aa, na flashi hataki kuisikia. Hakupenda picha zake zikatwe kingo. (Ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare ilikatwa, kwa sababu uzio uliingia kwenye fremu upande wa kushoto. Wapinzani wake hawaisahau.) Kusafisha filamu na kuchapisha picha aliwaachia mafundi. Kwake kazi iliisha kidole kilipobonyeza.

Hapo ndipo penseli ilipomgeuka. Michoro yake ilionyeshwa New York mwaka 1975, na aliendelea kuchora hadi uzeeni: nyuso za watu, uso wake mwenyewe, bustani ya Tuileries akiitazama kutoka dirishani kwake. Kamera aliitoa mara mojamoja tu. Mkono ni mwepesi na mistari inajua inakokwenda, lakini naona imekosa baiskeli. Mbele ya karatasi unaweza kusita, ukafuta, ukarudia kesho. Pale Hyères hakuwa na hata sekunde moja ya kusita, na uhaba huo ndio uliokuwa ukiibana jiometri yake hadi ikatoa cheche. Bustani haimkimbii mtu.

Alifariki 2004 akiwa na miaka 95, mwaka mmoja baada ya wakfu wenye jina lake kufunguliwa Paris. Katika michoro yake, mimi ningechagua ile ya mifupa ya wanyama aliyokuwa akiichora kwenye makumbusho. Mifupa haina mwendo wa kumponyoka, na kwa kazi hiyo mafunzo ya Lhote yalitosha kabisa.