Mshororo wa Kijani Juu ya Magara

Picha ninayoihakiki hapa ni ya nukta tupu. Kila nukta ni fotoni moja, chembe moja ya nuru ya kijani iliyotoka kwenye setilaiti ya ICESat-2, kilomita 500 hivi juu ya vichwa vyetu, ikagonga uso wa dunia na kurudi. Upana wa picha ni safari ya setilaiti. Wima wake ni kimo. Mara ya kwanza unaona vumbi. Ukitulia, vumbi linajipanga lenyewe: upande mmoja mteremko wa mlima wenye manyoya ya miti, kisha mstari mnene ulionyooka ajabu, ndio maji, na chini ya mstari huo, pale maji yanapokutana na nchi kavu, ukungu wa nukta chache unaoshuka kuelekea gizani.

Picha za namna hii zimepigwa juu ya maziwa mengi ya dunia. Mimi nazisoma nikiwa na Magara akilini, kwenye barabara ya RN3 kati ya Bujumbura na Rumonge, mahali ambapo milima ya Burundi inasogea karibu na Tanganyika na kuziachia nyumba, migomba na barabara ukanda mwembamba tu. Katika ukanda huo, maji yakipanda mita moja, chanja za ndagala, dagaa wa ziwa hili, zinahamishwa na mtumbwi unafungwa kwenye mti uliokuwa uani kwa mtu. Aprili 2024, baada ya miezi ya mvua za El Niño, serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa watu waliofukuzwa na maji. Wakati huohuo grafu za kimo cha ziwa zilisambaa, na watu wakazinukuu kama aya za msahafu, bila kuuliza zimetungwaje.

Utunzi wake ndio ninaouuliza, na nitausoma kwa arudhi, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Mshairi na mtu wa maji wanagawana maneno: bahari, kina, mizani, ukingo. Sidhani kuwa ni sadfa tupu. Wote wawili wanashika kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, mmoja sauti na mwingine maji, wanakikata vipande vinavyolingana ili kikae kichwani. Na atakayesoma vipande hivyo bila kujua vimekatwaje atabaki na maana nusu.

Mizani ya picha hii ni ya ajabu. ICESat-2 ilirushwa kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Septemba 2018, ikiwa na chombo kimoja tu kiitwacho ATLAS. Leza yake ya nanomita 532, kijani kibichi, hupiga mara 10,000 kwa sekunde. Setilaiti inakwenda takriban kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya pigo na pigo ardhini kuna sentimita 70, sawa na hatua ya mtu anayetembea bila haraka. Kila pigo linagawanywa katika miale sita, majozi matatu: miale miwili ya jozi moja inaachana mita 90, na jozi na jozi zinaachana kilomita 3.3 hivi. Mshairi wa kale angeutambua mpangilio huu mara moja. Ni ubeti wenye vipande, kila mshororo ukiwa na ukwapi na utao wake, na vipande vinasomwa pamoja ili kuujua mteremko ambao mwale mmoja peke yake usingeuona.

Lakini silabi zenyewe ni dhaifu. Katika kila pigo hutumwa matrilioni ya fotoni, na zinazorudi hadi kwenye darubini ya setilaiti ni dazeni moja au pungufu. Safari ya kwenda na kurudi inachukua sehemu elfu tatu na kitu za milioni ya sekunde, na saa ya chombo huitambua kwa usahihi wa sehemu 800 za trilioni ya sekunde. Ukifanya hesabu, hiyo ni kama sentimita 12 za kimo. Fotoni moja, basi, haiwezi kukuambia kama ziwa limepanda kwa upana wa kiganja. Usahihi wa sentimita chache unazaliwa pale nukta mamia zinapokubaliana, kama vile mizani nane haitambuliki katika silabi moja mpaka mshororo wote usikike. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya umbo hili, na kwangu ndiyo bora kuliko zote: linaonyesha mashaka yake. Unene wa ule mstari wa maji ni mashaka yaliyochorwa, na msomaji anayaona kwa macho.

Linganisha na kipimo cha kugusa. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, kimo cha ziwa kilitafutwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kipimajoto kilikuwa kibovu. Jibu likawa takriban futi 1,850, yaani mita 560 na ushei, ilhali Tanganyika iko karibu mita 770. Kosa la mita 200 na zaidi likaandikwa kwa tarakimu safi, bila unene, na likaingia katika mabishano makali ya chanzo cha Nile. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi kaskazini ya ziwa kuona kwa macho yao kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Jiwe la ukumbusho wa safari hiyo bado liko Mugere, njia hiyohiyo ya kwenda Magara.

Kuna jambo la usiku ambalo wavuvi wa Magara wangelielewa kabla ya mhandisi. Mchana, jua nalo linamwaga fotoni za kijani, na picha inajaa nukta za uongo juu na chini ya maji. Usiku picha inatakata. Ndagala nao huvuliwa kwa taa gizani, zamani karabai na sasa balbu za betri, na mwezi ukiwa mpevu kazi husimama kwa sababu nuru ya taa imemezwa. Leza na karabai zinashindwa kwa sababu moja, nuru ya mwingine. Na vile vyombo vikubwa vya wavu wa kuinua, mitumbwi iliyounganishwa pamoja, huitwa Apollo hapa ufukweni, jina la vyombo vilivyokwenda mwezini.

Sasa kina. Katika shairi, kina ni sauti inayorudi mwishoni mwa kipande. Katika ziwa ni umbali hadi chini. Leza ya kijani inatupa vyote viwili, na hapa ndipo msomaji mvivu anapopotea. Rangi ya kijani inapenya maji maangavu, na Tanganyika ni ziwa angavu, kwa hiyo sehemu ya nuru inashuka, inagusa mwamba au mchanga, inarudi. Ndio ule ukungu wa nukta karibu na ufukwe. Ila ndani ya maji nuru inapunguza mwendo hadi karibu robo tatu, na kompyuta isiyoambiwa hivyo itadhani safari ilikuwa ndefu zaidi: maji ya mita tatu yatasomeka kama mita nne. Kina kinachoonekana si kina kilichopo mpaka kisahihishwe.

Tena kuna kina cha uongo. Ziwa likitulia kama kioo, kama linavyotulia asubuhi nyingi kabla upepo haujaamka, nuru hurudi kwa wingi hadi kigunduzi kinalemewa, kikaandika mwangwi: mistari mingine hafifu chini ya uso wa maji, mahali ambapo hapana kitu. Utaitofautishaje na sakafu ya ziwa? Kwa umbo. Mwangwi unafuata uso wa maji sambamba kabisa, umbali uleule mwanzo hadi mwisho, kama kina kilichorudiwarudiwa na malenga aliyeishiwa maneno. Sakafu ya kweli haina adabu hiyo. Inashuka, inapanda, inakatika palipo na jabali. Nimejifunza kuamini mstari unaoyumba kuliko unaonyooka mno, na katika picha hizi kanuni hiyo haijaniangusha.

Udhaifu wa leza uko kwenye mapengo, na hauna dawa ndogo. Leza haipiti katika wingu zito. Tanganyika hufikia kilele chake cha mwaka Aprili au Mei, mwisho wa mvua, yaani baada ya miezi ile ambayo anga ya Imbo, uwanda wa kando ya ziwa, imefunikwa. Kwa hiyo ubeti unakatika palepale kisa kinapokolea. Zaidi ya hayo, setilaiti hurudia njia zake 1,387 kila baada ya siku 91, na mbali na ncha za dunia huelekezwa pembeni kidogo safari hadi safari ili misitu ichorwe kwa wingi. Kibwagizo hakirudi mahali pake. Mtangulizi wake, ICESat ya Januari 2003, alikuwa na hali mbaya zaidi: leza yake ya kwanza ilikufa baada ya siku 37 hivi, na kuanzia hapo ikawa inawashwa kwa vipindi vifupi, mara mbili au tatu kwa mwaka, hadi 2009. Hiyo ni mishata mitupu, mishororo inayoning'inia bila kufika kituoni.

Rada haijali mawingu. Tangu setilaiti ya rada ya TOPEX/Poseidon iliporushwa tarehe 10 Agosti 1992, kisha Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016 na Sentinel-6 Michael Freilich mwaka 2020, njia zilezile zimepitiwa kila baada ya siku kumi hivi. Kutoka kwao ndiko umetoka ule mstari maarufu unaopanda na kushuka kila mwaka, na ambao kati ya 2020 na 2024 ulipanda kuliko ulivyoshuka. Leza ina sehemu hata hapo: setilaiti hizi zimebeba vioo vya kurudisha nuru, na vituo vya ardhini huzipiga leza ili kujua ziko wapi hasa angani. Kipimo nacho hupimwa.

Ila alama ya rada ardhini ni ya kilomita kadhaa. Karibu na nchi kavu, mlima unaingia katika mwangwi wa maji na kipimo kinakuwa guni, kimepotoka mizani. Wachambuzi huyakata maji ya pembeni na kubaki na ya katikati. Matokeo yake ni mstari mmoja safi kwa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 na eneo la kilomita za mraba 32,900. Mstari huo ni wa kweli. Sentimita moja yake ni karibu mita za ujazo milioni 329 za maji. Lakini umetungwa kwa kuuacha ukingo nje, na Magara ni ukingo.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe wazi kutoka Ziwa Tanganyika. Chukua ufukwe wa mchanga unaoshuka mita moja kwa kila mita 50 za mlalo. Ziwa likipanda mita mbili, ukingo unaingia bara mita 100, na ile 150 imebaki 50. Chukua jabali linaloshuka mita moja kwa kila mita mbili, kama yalivyo mengi kusini ya Bujumbura: mita mbili zilezile za ziwa zinasogeza ukingo mita nne. Majirani wa fukwe hizi mbili wanaishi chini ya mstari mmoja wa grafu, sheria moja, mafuriko mawili tofauti. Grafu ya rada haiwezi kuwatenganisha. Picha ya nukta ya leza inaweza, kwa sababu imeuchora mteremko wenyewe, juu ya maji na chini yake.

Jambo la mwisho ninalolilaumu katika grafu ni sifuri. Aghalabu sifuri yake ni wastani wa miaka fulani iliyochaguliwa baada ya 1992, na mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hiyo. Mwaka 1964 lilipanda kwa kiwango ambacho kile cha 2024 kimekikaribia. Mpelelezi Cameron alipoukuta mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, mwaka 1874, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Maji yalipouvunja mwaka 1878, ziwa likashuka takriban mita kumi katika miaka iliyofuata. Anayesoma grafu inayoanza 1992 anadhani maji yamevamia nchi ya watu. Mzee aliyeona 1964 anajua kwamba yamerudi.

Hukumu yangu ni kwamba leza imetunga mishororo bora kuliko rada, na rada imetunga utenzi mrefu zaidi. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na kuchora maji kwa upana wa kilomita 120, huenda ikaviunganisha, lakini hata yenyewe itahitaji kitu cha kushikwa kwa mkono ufukweni. Kwa hiyo naomba, kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika pale Bujumbura, kwa IGEBU, taasisi ya jiografia ya Burundi, na kwa yeyote anayetangaza mstari huu: andikeni sifuri yenu kwa herufi kubwa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kisha chagueni jabali moja la Magara lisilohamika, mlipige rangi kwa kimo kilekile cha grafu, mstari wa 1964, mstari wa 2024, na nafasi wazi juu yake, ili mvuvi anayerudi alfajiri auone mstari wa setilaiti akiwa bado ndani ya mtumbwi.