Dungusi ya Pipa na Mvua za Bujumbura

Dungusi ya pipa, ile ya mviringo yenye miiba ya rangi ya dhahabu, kwao ni makorongo ya Querétaro na Hidalgo, nchini Mexico. Huko imekuwa adimu, na bwawa la Zimapán, lililojengwa miaka ya 1990, lilizamisha sehemu ya makazi yake. Hapa Bujumbura dungusi hii inaweza kuishi miaka mingi, ila anayeitunza kwa kalenda ya Ulaya ataipoteza. Vitabu vya huko hutaka isinyweshwe tangu Novemba hadi Machi kwa sababu ya baridi. Kwetu miezi hiyo ni ya mvua na joto, ndipo inapokua. Mapumziko yake yawe kiangazi, Juni hadi Septemba, na hata hapo chungu kidogo kipewe maji kidogo mara moja moja.

Mmea huu hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, ukavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi. Mchana huvifunga, ukatumia asidi hiyo kutengeneza chakula, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Mbavu zake hutanuka na kunywea kama kinanda cha mkono, kadiri akiba ya maji inavyopanda na kushuka. Mizizi yake, basi, haina haja ya maji ya kila siku. Ina haja ya hewa.

Hapo ndipo mvua yetu inapoleta taabu. Bujumbura hupata takriban milimita 800 kwa mwaka. Chungu chenye mdomo wa sentimita 30 kikiachwa uani hupokea lita 56 hivi. Ukikinywesha mwenyewe lita moja kila wiki mbili, Oktoba hadi Mei, hufiki hata lita 20. Na wingi si hoja kubwa, maana maji mengi hupita tu. Kinachoua ni mfululizo: mvua ikirudi kabla udongo haujakauka, na usiku nao una joto, fangasi huingia mizizini.

Kwa hiyo mchanganyiko wa udongo ndio kazi yenyewe. Chukua mchanga mnene wa mtoni, kama ule unaochimbwa Ntahangwa, uuoshe mpaka maji yatoke safi, kwani tope lake huziba njia za maji. Ponda matofali ya kuchoma, upate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Sehemu tatu za vitu hivyo kwa sehemu moja ya udongo wa bustani zinatosha. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kama vile wanavyofinyanga Batwa, nakipendelea kuliko cha plastiki kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu, kitobolewe chini.

Juu yake weka bati la plastiki linalopitisha mwanga, pembeni pawe wazi. Mmea uliotoka kivulini uzoeshwe jua polepole, hasa mwanzoni mwa Oktoba na katikati ya Machi, jua la adhuhuri linapokuwa utosini, la sivyo ngozi itaungua na kovu halifutiki.

Shina likibonyea karibu na udongo, ing'oe siku hiyohiyo, kata mpaka nyama safi, ikaushe kivulini kabla ya kuipanda upya. Uozo ukifika katikati, hakuna tiba. Anayeanza, fedha yake ya kwanza iende kwenye bati, si kwenye mbolea.