Kuinua Karavani: Kitu Gani Hasa Kinachopanda?

Mwaka 1959 Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream ya Marekani, aliongoza karavani 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Zilikuwa nyumba za magurudumu zenye bodi ya aluminiamu, zilizoundwa kwa lami ya kwao, zikakokotwa kwenye vumbi, mawe na matope, zikapita Kenya na Ethiopia na kufika Misri mwaka uliofuata. Leo Airstream hiyohiyo inauza Basecamp X, karavani ndogo inayotoka kiwandani Ohio ikiwa tayari imenyanyuliwa inchi 3, yaani milimita 76. Inchi tatu tu! Kabla hujazicheka, uliza zinanyanyua nini, maana kwenye swali hilo ndipo fedha nyingi za wenye karavani zinapopotelea.

Uwazi wa chini ni umbali kati ya ardhi na kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote. Kwenye karavani kitu hicho mara nyingi si sakafu. Huwa ni bomba la maji machafu au valvu yake ya plastiki, mguu wa kukunja wa kona, kibebeo cha tairi la akiba, au ekseli yenyewe. Fundi anayeijua kazi huanza kwa kulala chini na tepu mkononi, apime kimoja baada ya kingine, ajue nani wa kwanza kugonga na nani wa pili. Bomba likipandishwa na kupitishwa juu ya ekseli, na tairi la akiba likahamishiwa kwenye shingo ya trela, zinapatikana sentimita kadhaa bila kugusa springi hata moja. Ni kazi isiyoonekana barabarani, haina cha kuwaonyesha majirani, na pengine ndiyo maana wengi huiruka.

Ekseli sasa. Karavani nyingi za Marekani na Australia hubebwa na springi bapa kama zile za pickup na malori, zikiwa na ekseli moja ya bomba inayokata kutoka gurudumu hadi gurudumu. Watengenezaji wengi huiweka ekseli juu ya springi ili bodi ikae chini: mlango unafikika, upepo haupati pa kushika, karavani inatulia nyuma ya gari. Ukiihamisha ekseli ikakaa chini ya springi, bodi inapanda kwa kipenyo cha bomba pamoja na unene wa springi na viti vyake. Bomba la milimita 60 na springi zenye unene wa milimita 40 hutoa kama milimita 110 hadi 120. Bomba la milimita 76 linaweza kufikisha 140. Kwa gharama yake, hakuna njia nyingine inayotoa kimo kikubwa hivyo.

Lakini angalia kilichopanda: ni bodi, fremu na mabomba. Ekseli iko palepale, kwa sababu inabebwa na kitovu cha gurudumu na tairi halijabadilika. Jiwe lililoigonga ekseli jana litaigonga na leo. Kwa ekseli ya bomba iliyonyooka, kinachoiinua kutoka ardhini ni tairi kubwa zaidi peke yake. Mengine yote huinua vilivyo juu yake. Mtu akishalielewa hilo, nusu ya matangazo ya vifaa vya kuinulia hayamsumbui tena.

Na ekseli huhamishwa, haigeuzwi juu chini. Bomba la ekseli nyingi za trela limepindwa kidogo sana, katikati pakiwa juu, ili mzigo ukikaa linyooke na matairi yasimame wima. Likigeuzwa, ule upinde unaelekea chini, mzigo unauongeza, na matairi yanalika upande wa ndani. Kwa hiyo bomba linabaki lilivyokuwa, na viti vipya vya springi vinawekwa upande wake wa juu, sambamba kabisa na vya zamani. Kiti kikikaa upande milimita chache, karavani itatembea kimshazari kama kaa. Kuna seti zilizo tayari. Dexter ya Marekani huuza za kwake. Anayechagua kuchomelea achomelee kwa hatua fupifupi, kwani moto mwingi hulikunja bomba.

Habari inabadilika kabisa kwa ekseli za mpira. Airstream iliachana na springi bapa mwaka 1961, ikaleta ekseli iliyoiita Dura-Torque. Ndani ya bomba la mraba mna nondo ya mraba iliyokaa kwa pembe, na kati ya nondo na bomba zimejazwa kamba nne nene za mpira. Nondo imeungwa na mkono mfupi, na gurudumu liko mwisho wa mkono huo. Gurudumu likipanda tuta, mkono unaisokota nondo na mpira unabanwa. Hakuna majani ya springi ya kukatika wala bushi za kutia grisi.

Mpira, hata hivyo, huzeeka. Baada ya miaka 20 au 30 unakauka na kukaa ulivyobanwa, mkono ulioelekea chini unalala, wakati mwingine unaelekea juu, na karavani inashuka taratibu bila mwenyewe kugundua. Mwenye Airstream ya mwaka 1970 anayelalamika kwamba inaburura tumbo pengine hana cha kuinua; anachohitaji ni ekseli mpya. Akiinunua, anaweza kuagiza pembe ya mkono. Tuchukue mkono wa milimita 150. Kwa pembe ya nyuzi 22.5, kitovu cha gurudumu kiko milimita 57 chini ya bomba. Kwa nyuzi 45, kiko milimita 106. Tofauti ni milimita 49, na hapa bomba la ekseli linapanda pamoja na bodi, jambo ambalo springi bapa haziwezi kulifanya. Ila gurudumu nalo linasogea mbele kama milimita 33, hivyo pima kwanza nafasi iliyopo ndani ya tundu lake.

Njia ya mkato kwa ekseli hizi ni kuchomeka vipande vya chuma kati ya kishikio cha ekseli na fremu, kisha kukaza kwa bolti ndefu zaidi. Bodi inapanda, bomba linabaki. Kwa karavani za Ulaya zinazokalia chasisi nyepesi za AL-KO, hiyo karibu ndiyo njia pekee ya halali, kwa kuwa mtengenezaji amekataza kuitoboa au kuichomelea chasisi yake. Chuma chake ni chembamba na kimepakwa zinki. Tundu moja mahali pabaya ni mwanzo wa ufa.

Turudi kwenye tairi, maana ndilo linaloinua kila kitu. Ukitoka 195/70R14 kwenda 235/75R15, kipenyo kinatoka milimita 629 hadi 734, na karavani nzima, ekseli ikiwemo, inapanda milimita 52. Gharama yake imejificha kwenye breki. Breki inatoa nguvu ileile ya kuzungusha, lakini sasa inasukumia mkono mrefu zaidi, hivyo nguvu ya kusimamisha pale tairi linapogusa barabara inapungua kwa takriban asilimia 14. Karavani ya tani moja na nusu kwenye mteremko mrefu haitakusamehe hilo. Kisha kuna ukuta wa tundu la gurudumu: ekseli ikipanda hadi mwisho wa mwendo wake, tairi lisiguse popote. Ndiyo maana wengi huchanganya, wakahamisha ekseli chini ya springi ili kupata nafasi, halafu wakaongeza tairi kwa kiasi.

Sehemu inayogonga kuliko zote, na inayosahauliwa kuliko zote, ni mkia. Dereva aliyewahi kushuka kwenye kivuko cha Kigamboni au Likoni anaujua mlio wa bampa ikikwangua mlango wa feri. Karavani yenye mkia wa mita 2.5 nyuma ya ekseli, ukiwa milimita 400 juu ya ardhi, inastahimili mwinuko wa nyuzi 9 tu. Ziongeze zile inchi 3 za Basecamp X na unapata karibu nyuzi 11, hazizidi. Ukikata kona ya chini ya nyuma kwa mshazari, kuanzia mita moja kabla ya mwisho, unakaribia nyuzi 15 bila kuinua chochote. Ndiyo sababu karavani za Australia zinazotengenezwa kwa njia kama Gibb River Road, kilomita 660, nyingi za changarawe, zenye mito ya kuvukwa huko Kimberley, zina matako yaliyopandishwa. Waliozichora waliujua mkia kabla ya kuijua springi.

Ukishainua, gari linalokokota halijui. Tufe la kukokotea liko kimo kilekile, pua ya karavani sasa inainama, na ukiwa na ekseli mbili za mpira, ya mbele inabeba mzigo wa mwenzake, maana hazina mkono wa kugawana mzigo kama springi bapa. Pua ikitazama juu, balaa linahamia ekseli ya nyuma na mkia unashuka. Dawa ni kulipandisha tufe, lakini sheria ina mipaka: Ulaya kitovu chake kinatakiwa kiwe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Karavani iliyopanda milimita 140 inaweza isiweze kuunganishwa kihalali na gari dogo, na hapo inabidi kubadilisha shingo au kubadilisha gari.

Kuna pia uthabiti. Chukua karavani yenye upana wa mita 1.9 kati ya magurudumu, uzito wake ukikaa mita 1 juu. Nusu ya upana ukigawanya kwa kimo unapata 0.95. Ipandishe sentimita 10 na inakuwa 0.86. Karibu sehemu moja ya kumi ya uthabiti wake kwenye kona imeondoka, kabla hujahesabu upepo wa lori linalokupita. Kwa hiyo binafsi naziona springi za hewa kuwa jibu la busara kuliko yote kwa mwenye uwezo. Zile za Cruisemaster ya Australia, kwa mfano, hupandishwa kwenye kijito na kurudishwa chini kwenye lami, na kila gurudumu lina mkono wake, hivyo katikati hamna ekseli ya kugonga jiwe. Bei yake ndiyo inayowarudisha wengi kwenye springi bapa.

Kwa anayebaki na springi bapa, yamesalia madogo yanayosahauliwa. Ngazi ya mlangoni itahitaji daraja moja zaidi. Miguu ya kona haitafika chini bila vipande vya mbao. Vishikio vya shokamzoba vihamishwe, la sivyo zitavutika hadi mwisho na kung'oka. Waya za breki zirefushwe, zisikazwe. Bolti za U zilizokwisha kukazwa mara moja zisirudishwe. Nunua mpya, kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kisha simama baada ya kilomita 50 za kwanza uzikaze tena.