Deki ya Blu-ray na Bando la Usiku

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa intaneti ya Tanzania ikawa ya kusuasua. Picha za WhatsApp zilichelewa, video zikagoma. Masasi, Newala na Dar es Salaam zote ziliumia, lakini aliyekuwa ameshusha muvi zake mapema na kuziweka kwenye flashi hakuwa na cha kukosa jioni ile.

Kuna kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya: kuleta muvi nyumbani na kuitazama. Anayetazama moja kwa moja mtandaoni huzifanya zote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hulipa sana. Netflix hushauri kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, na 5 kwa 1080p. Kwa kasi hiyo ya 3, muvi ya saa mbili hula gigabaiti 2.7. Bei elekezi ya bando iliyotajwa na serikali mwaka 2022 ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja, kwa hiyo muvi hiyo ingegharimu kati ya shilingi 5,500 na 25,000 hivi. Na hapo hatujagusa tatizo la kasi yenyewe. Mtandao ukishuka saa mbili usiku, mji mzima ukiwa hewani, kiduara huanza kuzunguka katikati ya kioo na watoto huanza kusinzia.

Sasa chukua muvi ile ile iliyobanwa vizuri hadi gigabaiti moja. Laini dhaifu ya nusu megabiti kwa sekunde, ambayo haiwezi kabisa kuonyesha picha safi papo hapo, huishusha faili hiyo kwa muda wa saa nne na nusu. Ukiianza saa sita usiku kwa kifurushi cha usiku, alfajiri imekamilika. Hesabu hiyo ndiyo siri yote. Kwa nyumba iliyo chini ya ukingo wa Newala, upande wa kuelekea bonde la Ruvuma, ambako mlima wenyewe unaweza kusimama kati ya simu na mnara, kushusha usiku kunafaa kuliko kupanda daraja la bando.

Hapo ndipo deki ya Blu-ray inapoingia, na inaingia kwa sababu ambayo walioitengeneza hawakuitangaza sana.

Deki ya kawaida ya DVD yenye tundu la flashi mara nyingi husoma faili za zamani za AVI zilizobanwa kwa DivX au Xvid, zile zilizokuwa zikipimwa ziwe MB 700 ili zienee kwenye CD moja. Ukiichomekea faili ya siku hizi ya MP4 au MKV iliyobanwa kwa H.264, huandika kuwa haiitambui, au huonyesha picha bila sauti kwa kuwa sauti ni ya DTS na chipu yake haiifahamu. Blu-ray ilipoingia sokoni mwaka 2006, masharti ya mfumo huo yalilazimisha kila mashine iweze kufungua H.264 hadi 1080p pamoja na sauti za Dolby Digital na DTS. Kwa hiyo kazi ngumu ya kufungua faili ilikuwa imeshalipiwa ndani ya chipu. Kampuni zilipoongeza tundu la flashi na uwezo wa kusoma MKV, mashine ya diski ikawa mashine ya faili. Diski zenyewe za gigabaiti 25 hazikuwahi kuzoeleka huku. Soko liliruka kutoka DVD hadi flashi.

Intaneti ya ndani ya deki hizo ni habari nyingine, na mnunuzi asidanganywe na kitufe cha Netflix kwenye rimoti. LG BD300 ilikuwa ya kwanza kuonyesha Netflix, mwaka 2008, wakati huduma hiyo haikuwepo Afrika. Ilipofunguliwa kwetu Januari 2016, mashine nyingi za kizazi kile zilikuwa zimeanza kuachwa nyuma. YouTube ilikuwa imeshafunga mlango wake wa zamani Aprili 2015, na vifaa vingi vya mwaka 2012 kurudi nyuma vikabaki na alama isiyofunguka. Deki hupitwa na programu mapema, lakini chipu yake haichakai kwa sababu hiyo.

Tundu la waya wa mtandao lililo nyuma bado lina kazi, hata bando likiisha. Deki nyingi zinaelewa mfumo wa DLNA. Kompyuta au simu yenye muvi na programu ya DLNA ikiunganishwa kwenye ruta moja na deki, jina lake hutokea kwenye menyu, na muvi husafiri kutoka chumba cha kulala hadi sebuleni bila MB hata moja kukatwa. Ruta isiyo na kifurushi inaendelea kuwa ruta kamili ndani ya kuta za nyumba. Hili linastahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana.

Kuna sababu nyingine ya faili kushinda mtandao, nayo haihusu kasi. Muvi zinazopendwa sana kwenye vibanda vya video ni zile zilizotafsiriwa, sauti ya msimulizi ikipanda juu ya ile ya wahusika, kazi iliyompa umaarufu Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Toleo hilo halipo Netflix. Wala haipo video ya harusi ya dada au ya sherehe ya kuwatoa wali, ambayo mpiga picha huikabidhi kwenye flashi na familia huitazama mara nyingi kuliko muvi yoyote. Upande wa haki, hata hivyo, lazima usemwe. Kujaziwa flashi dukani bila idhini kunamnyima msanii riziki yake, na stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 hazina mahali pa kubandikwa kwenye faili. Muvi inayoshushwa ndani ya programu ya Netflix nayo hufungwa humo humo. Haihamishiki kwenye deki. Kinachobaki halali ni faili zinazouzwa au kutolewa na wenyewe, na video za familia.

Fedha za korosho zikitoka mnadani, vyombo vya umeme hununuliwa, vingi vikiwa vimetumika. Deki iliyotoka Japani huenda ikawa ya volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye 230 za TANESCO inaweza kuungua hapo hapo, kwa hiyo kibandiko cha nyuma kisomwe kwanza. Tena hiyo ni ya kanda A kwa diski za Blu-ray, wakati Afrika ni kanda B, ingawa faili za flashi hazina kanda. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, na baadhi ya deki za zamani hazisomi mfumo mwingine. Mnunuzi aende dukani na flashi yake mwenyewe, yenye MKV moja ya H.264 na sauti ya DTS, aichomeke, apeleke muvi mbele hadi katikati, asikilize kama sauti inafuata midomo, kisha ndipo atoe hela.